Kidole cha Kompyuta

Jumamosi hiyo ya Julai mashine ya kusaga ya mtaa wa Majengo iligoma, na foleni ya akina mama ikatoka kibandani ikafika hadi barabarani. Baridi ya Songea ilikuwa bado haijaondoka. Ukungu ulikuwa umelalia mapaa ya bati, milima ya Matogoro haionekani, na watu wakisema neno mvuke unatoka midomoni. Ndani ya kibanda vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha na kushuka taratibu juu ya vilemba, ndoo na mabega, mpaka kila mtu akaonekana ameota mvi.

Chini ya mashine alilala mwanamume mmoja, miguu nje, kichwa ndani. Huyo alikuwa Wendelini, fundi wa mashine, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache na ovaroli ya bluu iliyokuwa nyeusi kwa grisi.

"Fundi, umelala au umekufa?" aliuliza mama mmoja.

"Nikifa, mama, mtatwanga."

"Basi usife leo. Nina wageni."

Katika foleni hiyo alikuwemo Mektilda. Alivaa gauni la kitenge cha njano chenye maua makubwa ya bluu na sweta la kijani, na miguuni viatu vya mikanda ambavyo havikufaa kwa baridi ile ila vilimpendeza. Shingoni alining'iniza kamera ndogo kama kipande cha sabuni. Mektilda alikuwa akifanya kazi katika studio ya baba yake mdogo, Otto, hapo hapo Majengo, na kamera ile ilikuwa ngeni mjini. Haikutumia filamu. Wateja wengi hawakuiamini. Walikuwa wanauliza picha isiyo na filamu inakaa wapi, na wengine waliomba wapigwe mara ya pili kwa kamera ya zamani, kwa usalama.

Mektilda alichoka kusubiri. Akachutama, akaona mikono ya fundi ikizungusha spana katika mwali wa dirisha, unga ukiwaka kama nyota kuizunguka. Akabonyeza. Kamera ikatoa mwanga mkali.

Wendelini akagonga kichwa kwenye chuma.

"Nani ameleta radi humu?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mektilda. Wa studio."

"Mektilda wa studio, umeniomba ruhusa?"

"Nimepiga mikono, kaka yangu. Sura yako sijaiona mpaka sasa, imejaa grisi."

Akina mama wakacheka. Wendelini akatambaa kutoka, akasimama akiwa amekunja uso, tayari kugombana. Mektilda akamgeuzia kamera, akamwonyesha kioo kidogo cha nyuma.

Ugomvi ukamtoka. Aliinama karibu, akaangalia, akaangalia tena.

"Hii nati," alisema.

"Ina nini?"

"Inaonekana."

"Ulitaka isionekane?"

Fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Mektilda akaifungua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Kiazi?"

"Ni hiyohiyo nati. Nimeichora wiki nzima." Hakucheka. "Naandika kitabu cha mashine hizi, cha watu wa vijijini. Maneno ninayo. Michoro yangu ndiyo kama ulivyoona."

"Huu si mchoro, ni matusi."

"Unaweza kupiga picha za mashine nzima namna hii? Kipande kwa kipande?"

"Naweza kupiga chochote kisichokimbia."

"Hiyo ya mikono," Wendelini alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "inafutika?"

"Inafutika."

"Usiifute."

*

Miaka ile mashine za kusaga ziliingia Ruvuma kwa fujo. Zamani ilikuwa mashine ya chama cha ushirika, na ikiharibika mnakaa mwezi mnamsubiri fundi wa chama. Sasa vyama vingi vilikuwa hoi, biashara imefunguliwa, na kila mkulima aliyepata msimu mzuri wa tumbaku alishuka mjini kununua mashine yake. Mashine zilitoka nje ya nchi na kitabu chembamba cha herufi za Kichina na Kiingereza kilichopinda. Michoro yake ilikuwa midogo kama sisimizi. Wenye mashine walikitumia kitabu hicho kuwashia moto.

Kulikuwa na mradi mmoja, ofisi yake Msamala, uliojaribu kuwasaidia watu hao. Meneja wake alikuwa Bwana Joachim, mnene, mpole, mvaaji wa suti za Kaunda, mpenda kila kitu kiwe kizuri machoni. Yeye ndiye aliyempa Wendelini kazi ya kuandika kitabu, na alipoona picha ya Mektilda alipiga makofi.

"Hii ndiyo teknolojia! Binti, anza kesho."

Akaanza kesho yake, katika karakana ya nyuma ya ofisi. Mwanzoni picha zilitoka vibaya. Chuma kiling'aa, nyuma yake zikaonekana ndoo, baiskeli, na mara moja kuku wa jirani. Basi wakajifunza. Walitundika shuka jeupe nyuma ya mashine. Waliacha mwanga wa kamera, wakatumia mwanga wa dirisha, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kando ya nati waliweka kiberiti ili msomaji ajue ukubwa wake. Picha moja, kazi moja: hii ni kulegeza, hii ni kuvuta, hii ni kupaka grisi. Na kabla ya kila picha Mektilda alifuta chuma kwa kitambaa.

"Unaifuta ya nini?" aliuliza Wendelini. "Huko kijijini itakuwa chafu."

"Hata wewe ukija kupigwa picha unanawa uso."

"Mimi sijawahi kuja."

"Utakuja."

Kulikuwa na shida moja ambayo Wendelini peke yake ndiye aliyeiona.

"Usisimame mbele yangu," alisema. "Njoo nyuma."

"Nyuma nitapiga mgongo wako."

"Mtu wa mashine haoni mikono yake kwa mbele. Anaiona hivi, kutoka juu. Ukipiga ukiwa mbele, kushoto kwake kunakuwa kulia kwenye picha. Atafungua nati akidhani anafunga."

Mektilda akaleta kreti la soda, akapanda, akasimama nyuma yake. Ili kamera ione kile anachokiona fundi, ilibidi ikae karibu na jicho la fundi. Ilibidi kidevu cha Mektilda kikae juu ya bega la ovaroli. Alinusa grisi, dizeli, na chini yake sabuni ya kipande na ngozi ya mtu.

"Unanipumulia shingoni," alisema Wendelini.

"Nisipumue?"

"Pumua. Ila pole pole. Spana inacheza."

Kazi iliyotakiwa kwisha upesi haikwisha. Kila asubuhi shuka jeupe lilipepea kidogo katika upepo wa dirishani, mwanga ukapita ndani yake ukawa wa rangi ya maziwa, na wao wawili wakawa kama watu waliofungiwa ndani ya wingu. Nje watu wa Msamala waliuza nyanya na dagaa, walibishana, walifukuza mbuzi. Ndani hakukuwa na sauti ila ya spana na ya kamera. Mektilda akisema "hapo hapo, usitikisike," Wendelini alikuwa hatikisiki hata baada ya picha kupigwa, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwambia basi.

Jioni Mektilda alimbip. Simu ilikuwa inalia mara moja na kunyamaza, na Wendelini, ambaye hakuwahi kumpigia mtu simu isipokuwa kuna mashine imevunjika, alitoka nje ya nyumba yake Ruhuwiko kutafuta mahali mtandao uliposhika, akampigia.

"Halo, mpenzi. Unafanya nini?"

"Nakula. Ugali na likolo."

"Mboga tupu? Hata karibu hukuniambia?"

"Uko Majengo. Nitaurusha?"

"Haya. Unafikiria nini?"

"Beringi."

"Wendelini!"

"Beringi na wewe."

"Nani ametangulia?"

"Leo wewe. Kesho nina beringi ya kubadilisha, sikuahidi."

Mektilda alicheka mpaka Otto akatokeza kichwa kuuliza kama kuna mteja.

Jambo moja tu hawakulizungumza. Mkono wa kushoto wa Wendelini haukuwa na kidole cha pete. Kilibaki kipande kifupi, laini kwenye ncha, cheupe kidogo kuliko ngozi nyingine. Aliyeuliza aliambiwa ni panga, wakati wa kupasua kuni. Mektilda naye aliambiwa hivyo, akasema pole, yakaisha. Ila aliona kwamba wakitembea pamoja Jumapili baada ya misa, Wendelini katika shati lake jeupe lililopigwa pasi, mkono ule daima ulikuwa mfukoni. Akishika kitabu cha nyimbo alikishika kwa mkono mmoja. Akipokea chenji alitanguliza ule wa kulia.

Ilimuuma Mektilda. Alitamani kumfanyia kitu.

*

Studio ya Otto ilikuwa na sifa ya kusafisha picha. Mtu aliyekuja na chunusi aliondoka bila chunusi. Bwana harusi aliyekosa jino alikuta jino. Zamani Otto alifanya hivyo kwa brashi na wino, taratibu, akishikilia pumzi. Sasa kompyuta ilifanya, na Mektilda alikuwa bingwa. Wateja wa Majengo hawakuona kwamba ni uongo. Kwao ilikuwa heshima, kama kumpa mgeni kiti kisicho na vumbi. Walisema wenyewe, "Dada, nisafishe," na wakilipa walisema, "Asante, umenisafisha kweli."

Hivyo alasiri moja, umeme ukiwepo kwa bahati, Mektilda alifungua picha za mashine kwenye kompyuta. Alipofika ile ya kuvalisha mkanda, mikono yote miwili ya Wendelini imetandazwa juu ya puli, alisimama. Akakichukua kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akakinakili, akakipunguza, akakipachika pale palipopungua. Akafifisha mpaka wa ngozi. Akaongeza kivuli.

Mkono ukawa mzima.

Aliuangalia muda mrefu, shavu mkononi. Mawazo yakamchukua, yakampeleka kanisani, kwenye maua, kwa padre mwenye sauti ya mafua, kwenye sahani ndogo yenye pete mbili. Akaliona gauni la harusi. Akakiona kidole. Kisha akafanya hivyo kwa picha zote zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa upendo, kama mtu anayefuma.

*

Bwana Joachim aliwaita wote wawili ofisini kutazama kitabu kabla hakijapelekwa kuchapwa. Alikuwa na furaha. Mektilda alikuwa amesuka nywele mpya, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya rangi ya damu ya mzee, na alingoja kwa hamu zawadi aliyoiandaa ionekane.

Wendelini alifungua kurasa kwa kidole gumba. Mashine, shuka jeupe, kiberiti. Akatabasamu. Akafika kwenye mkanda. Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Mkono wa nani huu?"

"Wako," alisema Mektilda.

"Wangu una vidole vinne na kipande."

"Nimekusafisha."

"Nilikuambia nina uchafu?"

"Wendelini, mpenzi, sikusema..."

"Hapa pia. Na hapa." Alifungua kurasa kwa nguvu. "Kote. Umenibadilisha kote."

"Lakini umependeza!" aliingilia Bwana Joachim, asiyeelewa kitu. "Mkono wa kitaalamu huu. Wafadhili hawapendi kuona mambo ya kutisha. Binti amefanya vizuri sana."

Hakuna neno ambalo lingeweza kuharibu zaidi ya hilo. Wendelini alikifunga kitabu, akakiweka mezani taratibu, na mkono wa kushoto ukaingia mfukoni.

"Kumbe muda wote ule ulipokuwa begani kwangu," alimwambia Mektilda, "ulikuwa unaangalia kisichokuwepo."

"Si kweli!"

"Mtafute mwenye mkono huo. Mzuri, mzima, wa kitaalamu. Mwambie akuoe yeye."

Akatoka. Mektilda alimkimbilia hadi getini na viatu vyake vya mikanda, lakini Wendelini alikuwa na miguu mirefu, na watu wa barabarani walikuwa wameanza kutazama.

Jioni alibip. Simu haikupigwa. Akabip tena. Akaweka vocha akapiga mwenyewe.

"Halo."

"Wendelini, nisikilize basi."

"Nakusikia."

"Nilikufanyia kwa mapenzi."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Ungenifanyia kwa ubaya ningekutukana, yangeisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui. Mimi ni fundi wa mashine." Na simu ikakatwa.

Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Bwana Joachim alisema Wendelini amekwenda kufunga mashine kijijini, njia ya Namtumbo, na amesema akirudi ataacha kazi ya mradi. Atahamia kwa shangazi yake Mbinga, afunge mashine za kumenya kahawa.

Mektilda akaingia katika siku zisizo na ladha. Alisafisha chunusi za watu. Alipachika meno. Ukungu wa Songea ulikaa dirishani asubuhi na yeye akautazama bila kuona. Dada yake Lidwina, aliyekuwa na mdomo kuliko wote katika ukoo, alikuja na togwa akamkuta hivyo.

"Unamlilia mtu wa grisi?"

"Silii."

"Basi macho yako yana mafua. Ulimfanya nini?"

Mektilda akamwonyesha picha kwenye kompyuta, kubwa kioo kizima. Lidwina akainamia, akakunja uso.

"Mbona mkono kama wa sanamu?"

"Una nini?"

"Vidole hivi viwili ni kimoja. Ona ukucha. Ona hii alama. Mtu gani ana kidole kilekile mara mbili? Mimi ningekuwa na mkono huu kitandani ningepiga kelele."

Mektilda akaangalia. Ilikuwa kweli. Kucha mbili zenye ufa uleule, vidole viwili vyenye tone lilelile la grisi. Akafungua ile picha ya kwanza kabisa, haijaguswa, ya kibanda cha Majengo. Mkono ulikuwa umekamata spana kwa vidole vitatu na gumba, na kile kipande kimekaza kikisaidia, kimejipindia mahali pake kwa ustadi wake mwenyewe. Ule ndio mkono aliokuwa akiuota. Mwingine hakuwa anaujua. Hakuwahi kupumua nyuma ya mtu mwenye mkono ule.

"Lidwina, nishikie studio."

"Unakwenda wapi?"

"Kugombana."

*

Bwana Joachim hakutaka kusikia.

"Binti, kitabu kimekwisha! Turudishe vilema kwenye picha? Msomaji ataogopa."

"Na aogope."

"Mektilda!"

"Bwana Joachim, shikamoo yako nimekupa, heshima nimekupa. Picha ni zangu na mikono ni ya Wendelini. Ama zinatoka kama zilivyopigwa, ama natoa zote, na wewe chora nati. Nikuletee penseli?"

Joachim aliwaza juu ya penseli. Aliwaza juu ya wafadhili. Akafuta jasho, baridi yote ile.

"Zirudishe," alisema. "Kuna pikapu ya mradi inapeleka dizeli huko kwa Wendelini. Nenda nazo, azione mwenyewe, atie sahihi. Na ukimpata, mwambie Mbinga kuna baridi kuliko hapa."

Pikapu ilimshusha mchana kwenye nyumba ya Mzee Kassimu, mkulima wa tumbaku aliyenunua mashine ile. Mzee alikuwa barazani na kanzu na koti la suti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Alhamdulillahi, umefika salama. Wewe ndiye kamera?"

"Ndiyo."

"Fundi yuko nyuma. Tangu aje hacheki. Mchekeshe, Mungu atakulipa."

Wendelini alikuwa ameketi juu ya gunia nyuma ya kibanda, akila muhogo wa kuchemsha. Alipoliona gauni la njano likija kati ya mabani ya kukaushia tumbaku alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nani amekwambia niko huku?"

"Grisi. Niliinusa kutoka Majengo." Akamwekea kurasa mapajani. "Tazama. Usiseme kitu, tazama kwanza."

Akatazama. Ukurasa wa mkanda. Mikono yake miwili, vidole tisa na kipande.

"Joachim amekubali?"

"Nimemtisha."

Upepo ulipita juu ya mabani ukaleta harufu ya majani makavu, tamu, ya kulevya. Kisha Wendelini alianza kusema, huku anaangalia chini.

"Haikuwa panga."

"Nini?"

"Kidole. Ni mkanda. Nilikuwa naendesha mashine ya mtu, kijana mdogo tu. Mkanda ukatoka kwenye puli. Aliyenifundisha kazi alinifundisha kuurudisha huku mashine inazunguka, kwa mkono, haraka. Kila mtu alifanya hivyo. Huo ndio uliokuwa ujuzi." Akakunja vidole. "Hakuna aliyeniambia zima kwanza. Si mtu, si kitabu. Ukurasa huu niliuandika kwa ajili ya hiki kidole, Mektilda. Ulipokirudisha, niliona umeandika kwamba hakuna kilichotokea."

Machozi yalimlengalenga Mektilda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi aliyekatwa na mashine? Ni kama kinyozi mwenye mapunye. Nani atampa kazi?"

Mektilda akacheka katikati ya machozi, kisha akasema lake. "Na mimi nikuambie. Nilipokuwa nakipachika sikuwa naona aibu. Nilikuwa natafuta pa kuvisha pete."

"Pete ya nani?"

"Wewe ni mjinga kweli au unafanya makusudi?"

Wendelini alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mzee Kassimu aliita kwamba dizeli imewekwa na watu wamefika. Kwa kweli walikuwa wamefika: akina mama wa kijiji kizima na ndoo zao, kuiona mashine mpya ikisaga kwa mara ya kwanza.

"Subiri," alisema Mektilda. "Kabla haijawashwa. Nataka picha moja ambayo hatuna."

Akamsimamisha kando ya mkanda, mashine imezimwa, akamwambia afungue mkono wa kushoto mbele ya puli, wazi, kiganja chini. Hakukuwa na shuka jeupe. Nyuma yake ulikuwa ukuta wa udongo na miale ya jua. Wendelini alisita, kisha akautoa mkono mfukoni mbele ya watu wote, akautandaza. Mektilda akasimama nyuma yake, kidevu begani, akapiga.

"Chini yake tuandike nini?" alimuuliza taratibu.

"Zima kwanza."

"Basi?"

"Inatosha."

Mwendeshaji mpya aliitwa Tadei, kijana mwenye mashavu, mwoga wa mashine kama inavyopaswa. Wendelini alikuwa amemfundisha jambo moja kuliko mengine: mtu yeyote akikaribia mkanda, zima, hata akiwa padre. Tadei akazungusha mpini. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma, kibanda kikatetemeka, na unga wa kwanza ukaanza kumwagika, mweupe, wa moto. Watu wakapiga kelele za furaha ambazo hazikusikika.

Wendelini akamgeukia Mektilda, akamwambia kitu.

"Nini?" alipiga kelele Mektilda.

Akarudia.

"Sikusikii! Mashine!"

Akavuta pumzi, akasahau amri yake mwenyewe, akanyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea kwake, juu ya mkanda uliokuwa ukikimbia. Tadei akaona mkono, akaruka, akazima.

Na katika kimya kilichoangukia kibanda, mbele ya Mzee Kassimu na akina mama wote, sauti ya Wendelini ilitoka kwa nguvu ya injini:

"...NIKUOE AU HUTAKI?"

Unga ulielea hewani. Kisha kicheko kikapasuka kutoka mlangoni hadi nje.

"Samahani, fundi," alisema Tadei. "Ulisema yeyote."

"Umefanya vizuri," alisema Wendelini, masikio yanamwaka.

"Dada, mjibu basi!" alisema mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Watoto hawajala."

Mektilda alikuwa amejaa unga kuanzia nywele hadi kope. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Uliza tena," alimwambia Wendelini. "Mashine imezimwa, huna sababu ya kunifokea."

Wendelini akasogea, akainama sikioni kwake, akauliza tena kwa sauti ndogo kabisa.

"Hatujasikia!" walilalamika akina mama.

"Mimi nimesikia," alisema Mektilda. Akaushika ule mkono, kidole kwa kidole, na kile kipande pia, na jibu lake akalitoa kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabani. "Ndiyo. Haya Tadei, washa. Watu wana njaa."